Jinsi ya kuomba kupima mafuvu na ngozi za mamalia kwenye hifadhi ya makumbusho

Wiki iliyopita ndiyo nimemaliza kazi yangu hapa Dar es Salaam. Imenichukua wiki saba, na tano kati ya hizo zimepotelea kwenye barua moja. Naanza na hiyo barua.

Niliomba "kuona vielelezo vya mamalia wa pwani kwa utafiti, pamoja na sampuli za DNA". Kwa barua ya namna hiyo msimamizi hajui afungue kabati lipi. Andika namba ya kila kielelezo, jina la spishi, na utakachokifanya: kupima fuvu kwa vernia (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi), kupiga picha, au kuhesabu meno. Suala la DNA liandikie barua ya peke yake. Kipande cha ngozi kikishakatwa hakirudi, kwa hiyo uamuzi wake hupita kwa watu wengi zaidi. Nilipofuatilia kwa mara ya nne, dada wa masjala aliniambia, "Mdogo wangu, ungezitenganisha, ya kupima ungeshaipata zamani."

Namba zenyewe zitafute kwanza GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai mtandaoni, ni bure, na makumbusho mengi yameweka orodha zao humo. Wanyama wetu wengi wako mbali: kipunji, aina ya nyani, wa Rungwe aliyekufa kwenye mtego wa mkulima mwaka 2005, ambaye kwa ajili yake jenasi ya Rungwecebus ilianzishwa mwaka 2006, amehifadhiwa Chicago. Kwa vielelezo vya nje, omba picha za fuvu kwa juu, chini na ubavuni, rula ikiwa ndani ya picha. Hapa kwetu, nilikokwenda mimi, orodha iko kwenye daftari. Omba siku moja ya kulisoma kabla hujaandika barua.

Utambulisho wa chuo na andiko la utafiti unavijua. Mwenzako asiye Mtanzania aanzie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuomba kibali cha utafiti.

Siku ya kwenda beba glovu, penseli na vernia yako. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa sumu ya aseniki kuzuia wadudu, kwa hiyo usile chochote kabla hujanawa mikono vizuri. Mimi nilianza na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa Pugu: kajazwa pamba, mbele rangi ya kutu, kiunoni mweusi tii, lebo imefungwa kwa uzi mguu wa nyuma. Wino umepauka, lakini tarehe, mahali, jinsia na urefu wa mkia bado vinasomeka. Fuvu lake liko kwenye kiboksi, namba imeandikwa juu ya mfupa wenyewe kwa herufi ndogo mno. Linganisha namba hiyo na ya lebo kabla ya kupima. Zikitofautiana, usihamishe kitu, mwite msimamizi.

Pima kila fuvu mara mbili, na ukimaliza mwachie nakala ya vipimo vyako. Vya kwangu vimebandikwa kwenye daftari, ukurasa wa sange.