Kumpeleka Mama Uskoti: Namna ya Kuchagua na Kutumia Basi la Watalii

Kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kuwaendesha watalii: Nairobi, Naivasha, Nakuru, Mara, na kurudi. Septemba mwaka jana nilikaa kiti cha abiria. Dada yangu ni muuguzi kule Edinburgh, na Mama, mwenye miaka 75, alikuwa ameomba jambo moja tu: apaone walikotoka wamishonari walioanzisha kanisa la kwao Thogoto. Tulikata tiketi tatu za basi la siku nzima, Edinburgh hadi ziwa la Loch Ness na kurudi. Tangu turudi, watu wa kanisani na madereva wenzangu hawaishi kuniuliza tulifanyaje. Haya ndiyo ninayowaambia.

Mtafute dereva kabla ya basi

Anayekwenda Mara anakwenda kuona wanyama. Dereva asiposema neno siku nzima, simba bado yupo. Uskoti si hivyo. Utakwenda saa nzima ukiona milima mitupu, nyasi za kahawia, maji na kondoo, na usipoelezwa unachokitazama utasinzia. Huko, kama kwetu, anayeendesha mara nyingi ndiye anayesimulia, kipaza sauti kikiwa karibu na mdomo na mikono yote miwili kwenye usukani. Masimulizi yake ndiyo hasa unayoyalipia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma walichoandika abiria waliotangulia. Wanaosifu viti laini waruke. Mtafute anayerudia kisa alichosimuliwa na dereva. Mtu akikumbuka kisa baada ya mwezi mzima, aliyemsimulia anaijua kazi yake. Uliza pia kama maelezo yanatolewa na mtu aliye ndani ya gari au ni sauti iliyorekodiwa. Ya kurekodiwa mimi singeilipia, kwa sababu haijibu swali.

Yapo mabasi makubwa ya watu 50 hivi, na yapo madogo ya watu 16. Tulichukua dogo, ili Mama aweze kumsikia dereva na kumuuliza. Ubaya wake ni kwamba hayana choo ndani, kwa hiyo andikia kampuni mapema uulize watasimama wapi na baada ya muda gani. Na kama una mtoto mdogo, uliza: kampuni kadhaa za mabasi madogo hazipokei walio chini ya miaka 5.

Safari ya Loch Ness ni zaidi ya kilomita 500 kwa karibu saa 12. Ni kama kutoka Nairobi hadi lango la Sekenani kule Mara na kurudi siku hiyohiyo, ila barabara ni nzuri. Mzee mwenye magoti mabovu mtafutie safari fupi ya Stirling na Loch Lomond. Atakula mandhari bila kuumia.

Viza na mambo ya mfukoni

Uskoti haina viza yake. Unaomba viza ya mgeni ya Uingereza, nayo inakufikisha Edinburgh sawasawa na London. Unajaza fomu kwenye intaneti, unalipa, kisha unakwenda kituo cha maombi hapa Nairobi kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Unaweza kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na ningekushauri usingoje mwezi wa mwisho. Sisi tuliojiajiri huulizwa sana fedha zetu zinatoka wapi. Nilipeleka taarifa za benki za miezi 6, leseni ya biashara, logbook ya gari, na barua ya dada yangu inayoeleza tutalala kwake.

Plagi zao ni za pini tatu kama zetu, basi chaja yako itafanya kazi. M-Pesa isahau, karibu kila mahali watu hugusisha kadi tu. Noti za Uskoti huchapishwa na benki 3 tofauti na hazifanani na za London. Zimalize kabla hujaondoka, maana nilirudi na pauni 40 na duka la kwanza la kubadilisha fedha hapa mjini lilizikataa.

Jihadhari na saa. Tiketi ikiandikwa 08:00 ni saa mbili asubuhi, nao hawangoji mtu. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa 2 wakati wa kiangazi chao na 3 wakati wa baridi.

Mwezi gani, na nguo gani

Sisi tumezoea jua linalochomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kule, Juni jua huzama yapata saa nne usiku, na Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi jioni. Basi linalotoka asubuhi na kurudi usiku mwezi wa Desemba litakupitisha gizani sehemu kubwa ya njia. Nenda kati ya Mei na Septemba. Agosti milima huwa ya zambarau kwa maua ya kichaka kifupi kiitwacho heather, ambacho jamaa zake wakubwa wanaota Mlima Kenya juu ya misitu.

Kiangazi kuna usubi. Ni wadogo kuliko mbu, hawaleti malaria, lakini wanakuja kama wingu mahali penye unyevu pasipo na upepo, hasa alfajiri na jioni. Beba dawa ya kujipaka. Mwavuli uache nyumbani, upepo utaugeuza kikombe. Mama nilimnunulia koti la kuzuia mvua lenye kofia pale soko la Toi, akalivaa juu ya sweta mbili, na leso begani kama kawaida yake. Mvua ilitunyeshea mara nne siku ile, na katikati ya mvua jua likawaka mara nne.

Kaa kushoto

Hili ndilo wateja wangu wasiolijua hulipoteza hata hapa Kenya: kiti huamua utakachokiona. Waingereza huendesha kushoto kama sisi, mlango wa abiria uko kushoto. Kwenye njia yetu, iliyopita Stirling, Callander, Glencoe na Fort William hadi Fort Augustus, upande wa kushoto ndio wenye neema. Ukishuka bonde la Glencoe kuelekea magharibi, ile milima mitatu wanayoiita Dada Watatu iko kushoto. Maji ya Loch Linnhe kabla ya Fort William yako kushoto. Loch Lochy, kushoto. Hata jioni, ukirudi Edinburgh kwa daraja jipya la mwaka 2017, tazama kushoto: utaona daraja la magari la 1964, na nyuma yake la reli, jekundu, lililofunguliwa 1890 na ambalo treni bado zinapita. Madaraja matatu ya karne tatu, yamepangana.

Ikiwa basi lako linaendelea kutoka Fort Augustus kuelekea Inverness, hapo ndipo upande wa kulia unashinda, kwa kuwa Loch Ness itakuwa kulia. Kampuni nyingine huwabadilishia abiria viti baada ya chakula. Mzee mwombee kiti cha mbele tangu siku ya kukata tiketi. Na mkanda ufunge, ni sheria.

Jifunze maneno matano

Watalii wangu wakijua kwamba Ol Doinyo ni mlima kwa Kimaasai na kwamba jina Nairobi limetokana na maji baridi, ramani nzima huwafungukia. Kule fanya vivyo hivyo. Mabango ya barabarani yana Kiingereza na Kigaeli, lugha ya zamani ya nyanda za juu. Ben ni mlima, loch ni ziwa (au mkono wa bahari), glen ni bonde, inver ni mahali mto unapomwaga maji. Inverness, basi, ni mlango wa mto Ness. Neno la tano ni fort, ngome. Fort William na Fort Augustus zilikuwa ngome za kuwatia adabu wenyeji wa milimani waliomwasi mfalme. Mama aliposikia hivyo alisema, "Kama Fort Hall." Vijana, hiyo ndiyo Murang'a ya leo.

Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, una mita 1,345. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. "Kumbe sisi tunaishi juu ya mlima wao," Mama akasema, na dereva alicheka mpaka akakiri hajawahi kusikia hivyo. Usidharau mlima huo, lakini. Kilele chake mara nyingi kimejaa ukungu.

Uliza swali

Glencoe basi lilisimama dakika 20. Dereva alitusimulia ndani ya gari kwanza, upepo ukiwa nje. Februari 13, 1692, alfajiri, askari waliokuwa wamepokewa na ukoo wa MacDonald kwenye bonde lile, wakala na kulala kwao karibu wiki mbili, waliamka wakawaua wenyeji wao. Walikufa watu wapatao 38, na wengine walikufa kwa baridi wakikimbilia milimani kwenye theluji. Waskoti walikuwa na vita vingi vibaya kuliko hicho, ila hiki hawakisahau kwa sababu mgeni ndiye aliyemuua mwenyeji. Gari zima lilinyamaza. Mama alishika leso yake mdomoni.

Kisha tukaendelea, bonde baada ya bonde bila nyumba, bila moshi, bila shamba. Mama akaniambia nimuulize dereva: "Watu wa hapa walikwenda wapi?"

Hilo ndilo swali la kuuliza Uskoti. Dereva alipunguza sauti ya kipaza, akajibu taratibu. Baada ya watu wa milimani kushindwa pale Culloden, Aprili 16, 1746, serikali iliwanyang'anya silaha na kuwakataza hata mavazi yao ya asili, marufuku iliyodumu hadi 1782. Halafu, kwa miaka mia hivi, wenye ardhi wakaona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Familia zikafukuzwa mabondeni, nyumba nyingine zikachomwa paa ili wasirudi. Wengine walisukumwa pwani kuvua samaki, wengine wakapanda meli kwenda Kanada na Australia. Kilichobaki ni kuta fupi za mawe ambazo utaziona ukijua pa kutazama. Utupu ule unaopigwa picha na kila mtu ulitengenezwa.

Mama alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi mwaka 1954, Wakikuyu walipofukuzwa majumbani mwao na kukusanywa kwenye vijiji vya hali ya hatari. Aliangalia dirishani muda mrefu. Akasema kwa Kikuyu, mimi nikamtafsiria dereva: "Basi hata wao." Sikuwa nimewahi kumsikia akiizungumzia 1954 mbele ya mgeni. Kama unasafiri na mzee, usimfungie kwenye vipokea sauti, wala usijaze siku yake kwa picha. Mwachie nafasi aulize.

Loch Ness, na chakula

Ziwa lina urefu wa kilomita 37 na kina cha zaidi ya mita 200, maji meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya udongo wa mimea iliyooza yanakopita. Habari za zimwi lake zilivuma mwaka 1933, na picha yake maarufu ya 1934 ilikuja kujulikana kuwa ya kutengeneza. Boti ina tiketi yake, mbali na ya basi. Sisi hatukupanda. Pale Fort Augustus tulikaa bure kando ya mfereji wa Caledonian, kazi ya mhandisi Thomas Telford, uliofunguliwa 1822. Mashua huingia kwenye chumba cha mawe, milango hufungwa, maji hupunguzwa, milango ya mbele hufunguliwa, mashua ikashuka ngazi moja. Vyumba vitano namna hiyo hadi ziwani. Mama alizitazama mashua mbili toka juu mpaka chini, akakataa kuondoka.

Mchana jaribu haggis: moyo, ini na mapafu ya kondoo, nafaka ya oats, kitunguu na viungo, kwa asili hupikwa ndani ya tumbo la kondoo. Aliyekula mutura, ile soseji yetu ya utumbo, hatashtuka. Ipo pia isiyo na nyama. Maji ya bomba yanywe bila wasiwasi, beba chupa yako. Chai itakuja maziwa pembeni; tulibeba thermos.

Bakshishi si lazima, lakini dereva aliyekusimulia saa 12 mpe mkononi unaposhuka, si kupitia kampuni. Na mpe kitu cha kusimulia pia. Nilimwambia wetu kwamba swala tomi wa Mara anabeba jina la Joseph Thomson, Mskoti wa Penpont aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883. Mama akaongeza la kwake: kwamba wamishonari wa Uskoti walipohamia Kikuyu mwaka 1898, watu wetu walijaribu kutamka walikotoka, na jina la mahali likabaki Thogoto. Dereva alitoa kalamu juu ya dashibodi akaliandika kwa D, kama alivyolisikia. Mama akaomba kalamu, akalifuta, akaliandika upya.