Pima upana wa ekseli ya mkokoteni wa punda kabla hujashika grinda

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Ngaramtoni, Arusha, aliniletea ekseli ya gari dogo isiyo na difu (gia za katikati ya ekseli): bomba tupu, habu mbili (vitovu vinavyofungiwa magurudumu) na beringi zake. Anataka mkokoteni wa punda wa kubebea maji. Nilipomuuliza upana akasema, "Fundi, wewe kata tu, tutaona inavyokaa." Nikamwambia hapana, mama, leta madumu kwanza.

Hatua ya 1: Mzigo. Panga madumu ya lita 20 chini kama yatakavyokaa, pima pamoja na mbao za pembeni. Yake yalitoa sentimita 100. Huo ndio upana wa bodi.

Hatua ya 2: Tairi hadi tairi. Bodi naiweka katikati ya magurudumu, siyo juu yake. Chukua 100, ongeza sentimita 5 za nafasi kila upande, kisha unene wa tairi moja (nusu ya huku na nusu ya kule). Tairi zake zina unene wa 16, jumla 126, kutoka katikati ya tairi hii hadi katikati ya ile. Ukingo kwa ukingo unapata 142, kwa hiyo pima na geti la nyumbani.

Wengi wanaomba ipanuliwe zaidi ili mkokoteni usipinduke. Mimi siwafanyii. Gurudumu likigonga jiwe, kadiri lilivyo mbali na katikati ndivyo mipini inavyomchapa punda ubavuni, naye hana pa kukwepea. Ukitaka mkokoteni utulie, shusha bodi.

Hatua ya 3: Habu hadi habu. Hapa ndipo nilipoharibu ekseli yangu ya kwanza. Nilitaka hiyohiyo 126, nikaikata hadi uso wa habu huu na uso wa habu ule vikawa 126. Nilipofunga magurudumu, kati ya tairi na bodi ilibaki sentimita moja tu. Mkokoteni mtupu ulienda vizuri. Tulipopakia maji ukaanza kulia kila kona, na jioni nilikuta vumbi jeusi la mpira limeganda kwenye mbao.

Sababu ni kwamba rimu nyingi za gari hazifungwi kwenye habu katikati ya tairi. Sehemu ya boliti imesogea upande wa nje, kwa hiyo tairi inaingia ndani, kuelekea bodi.

Laza gurudumu chini, upande wa nje ukitazama ardhi. Weka ubao ulionyooka juu ya tairi, shusha futi kutoka kwenye ubao hadi pale rimu inapogusana na habu. Kwa magurudumu ya jirani nilipata 12. Toa nusu ya unene wa tairi, yaani 8: inabaki 4. Hiyo 4 iongeze kila upande: 126 na 8 ni 134. Ekseli yake ilikuwa 143 habu hadi habu, nikatoa 9.

Pima magurudumu yote mawili. Rimu za kuokoteza hazifanani hata kama matundu ya boliti yanalingana. Tairi ikiwa haina upepo jaza kwanza, maana unene unabadilika. Na ukibadilisha rimu siku za mbele, rudia hesabu yote.

Hatua ya 4: Kata na unganisha. Kata katikati, unga kwa bomba nene linalobana, sentimita 20 kila upande. Kuunganisha ncha kwa ncha bila bomba sikubali kabisa. Waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ufunge kwenye bomba lenyewe, kamwe usiufunge kwenye habu, kwa sababu umeme ukipita kwenye beringi unazitoboatoboa.

Hatua ya 5: Unyoofu. Shikiza kwa nukta chache tu za kuchomelea. Weka alama ya chaki kwenye kila tairi, mbele, usawa wa habu, pima kati ya alama. Zungusha nusu mzunguko alama ziende nyuma, pima tena. Tofauti ikizidi milimita 3, gonga urekebishe, ndipo umalizie kuchomelea, kidogo huku kidogo kule. Ikipoa, pima tena.