Kuboresha ukaguzi wa ubora wa data za kijiografia katika QGIS na PostGIS, hatua kwa hatua

Wengi wetu tunaofanya kazi na mifumo ya taarifa za kijiografia hukagua data siku ya kuikabidhi, wakati ambapo kila kosa linalojitokeza limeshazaa makosa mengine. Mwongozo huu unaeleza utaratibu ninaoutumia sasa katika QGIS, programu ya kutengeneza ramani, na PostGIS, nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL inayoshughulikia data za kijiografia. Msingi wake ni mpangilio: mfumo wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) hukaguliwa kwanza, kisha jiometri (maumbo yenyewe), kisha topolojia (jinsi maumbo yanavyopakana), na sifa za jedwali mwishoni. Mpangilio huo una sababu yake, kwani kosa la hatua ya juu likiachwa, ukaguzi wa hatua ya chini hutoa majibu yasiyoaminika. Niliwahi kutumia siku mbili nikirekebisha mipaka iliyoonekana kupishana kati ya matabaka mawili, kumbe mipaka yote ilikuwa sawa na tabaka moja lilikuwa limepewa mfumo usio wake.

Mifano yote inachukulia kwamba una jedwali la viwanja lenye safu ya kitambulisho iitwayo id na safu ya jiometri iitwayo geom.

Hatua ya 1: Tenga nakala ya data kama ilivyopokelewa

Weka data ghafi katika jedwali lake, izuie isibadilishwe, na ufanyie kazi nakala. Kila rekodi ibaki na kitambulisho chake cha awali, kwa maana bila hicho hutaweza kulinganisha hali ya kabla na ya baada ya marekebisho.

Hatua ya 2: Thibitisha mfumo wa majiranukta

Anza kwa kuangalia namba ya mfumo iliyoandikwa kwenye data, kisha utazame majiranukta yenyewe ili uone kama yanafanana na namba hiyo. Data iliyoandikwa EPSG:4326, yaani namba ya mfumo wa longitudo na latitudo wa WGS 84, iko katika digrii, kwa hiyo longitudo haiwezi kuvuka 180 wala latitudo kuvuka 90. Ukikuta thamani za mamia ya maelfu, hizo ni mita zilizopewa lebo ya digrii.

Hapa ndipo kazi (amri) mbili za PostGIS zinazofanana kwa sura huwachanganya watu. ST_SetSRID hubadilisha lebo tu bila kugusa namba, ilhali ST_Transform hukokotoa majiranukta mapya. Lebo ikiwa na makosa, tumia ya kwanza; lebo ikiwa sahihi nawe unahitaji mfumo mwingine, tumia ya pili. Ukizibadilisha nafasi, data itakuwa mahali pasipo pake, na mara nyingi hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea.

Latitudo na longitudo zilizopishana nafasi zinahitaji uangalifu zaidi. Kanuni ya kuzuia latitudo inayozidi 90 hukamata sehemu tu ya makosa hayo, kwa sababu nukta ya longitudo 35 na latitudo 6 ikigeuzwa bado inakaa ndani ya mipaka inayoruhusiwa. Dawa yake ni kuchora poligoni ya eneo la mradi na kutafuta kila kilicho nje yake. Ukaguzi huohuo utaziibua pia nukta zilizoangukia sifuri, sifuri, ambazo kwa kawaida ni rekodi zilizokosa majiranukta.

Angalia pia idadi ya tarakimu baada ya nukta ya desimali. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo desimali tano hufikia takriban mita moja, na desimali tatu huishia kwenye mita 111. Mipaka ya viwanja iliyokatwa kwenye desimali tatu haiwezi kurekebishwa kwa zana yoyote. Irudishe kwa aliyeitoa.

Hatua ya 3: Kagua uhalali wa jiometri, kisha pima kila marekebisho

Orodhesha poligoni zisizo halali pamoja na sababu ya kila moja:

SELECT id, ST_IsValidReason(geom) FROM viwanja WHERE NOT ST_IsValid(geom);

Orodha ikishapatikana, wengi huendesha ST_MakeValid, kazi inayorekebisha jiometri kiotomatiki, juu ya jedwali zima na kuendelea na kazi. Naomba usifanye hivyo kabla ya kuutazama mfano huu kwa makini. Chukua kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 10, ambacho aliyekichora alikosea mpangilio wa pembe mbili:

POLYGON((0 0, 10 10, 10 0, 0 10, 0 0))

Mstari wa mpaka unajikata katikati, na umbo linafanana na tai ya shingoni iliyofungwa kipepeo. ST_IsValidReason itakujulisha kwamba poligoni inajikata kwenye nukta 5, 5. Ukiuliza eneo lake kabla ya kurekebisha, ST_Area itajibu 0, kwa sababu pembetatu mbili zilizozaliwa zinazunguka kwa mielekeo inayopingana na maeneo yake yanafutana. Ukitumia ST_MakeValid kwa njia yake ya kawaida, utapata pembetatu mbili zenye jumla ya mita za mraba 50. Eneo halisi la kiwanja ni mita za mraba 100. Programu imeridhika kwamba jiometri ni halali, na nusu ya kiwanja imepotea.

Kwa sababu hiyo, marekebisho ya kiotomatiki nayakubali tu baada ya kulinganisha eneo jipya na eneo lililoandikwa kwenye hati ya kiwanja, au, pale ambapo hati haipo, baada ya kuliangalia umbo lenyewe kwenye ramani. Marekebisho yanayogeuza poligoni moja kuwa vipande viwili hupitiwa na mtu, yote, bila kujali wingi wake. Utaratibu ni huohuo ukitumia zana ya kurekebisha jiometri iliyomo ndani ya QGIS.

Hatua ya 4: Tafuta mipishano na mapengo

Kazi ya ST_Overlaps hutumiwa sana hapa, na jina lake linapotosha. Haionyeshi poligoni mbili zinazolingana kabisa, wala poligoni iliyo ndani ya nyingine. Maana yake ni kwamba kiwanja kilichoingizwa mara mbili, kosa ambalo hutokea mara nyingi, kitapita bila kuonekana. Tumia swali hili badala yake:

SELECT a.id, b.id, ST_Area(ST_Intersection(a.geom, b.geom))
FROM viwanja a JOIN viwanja b
ON a.id < b.id AND a.geom && b.geom
AND ST_Relate(a.geom, b.geom, '2********');

Sharti la a.id < b.id huhakikisha kila jozi inatajwa mara moja. Alama ya && hutumia faharasa ya kijiografia kuchuja jozi zilizo mbali, hivyo hakikisha faharasa ya aina ya GiST ipo; bila hiyo, jedwali kubwa litachukua saa nyingi. Sharti la mwisho hudai kwamba sehemu za ndani za poligoni hizo zishiriki eneo, hivyo viwanja vinavyogusana mpakani havitahesabiwa kuwa na kosa.

Utapata vipande vingi vyembamba, na kuvichuja kwa ukubwa wa eneo peke yake hakutoshi. Kokotoa uwiano wa 4πA/P², ambapo A ni eneo na P ni mzingo. Duara hupata 1 na mraba hupata takriban 0.785, lakini ukanda wa mita 100 kwa sentimita 20 hupata takriban 0.006. Uwiano mdogo namna hiyo mara nyingi ni dalili ya mpaka mmoja uliochorwa mara mbili, na tiba yake ni kuunganisha vipeo (nukta za pembe za mpaka). Kipande chenye eneo hilohilo lakini chenye uwiano mkubwa kinaweza kuwa mgogoro halisi wa mpaka, na hakistahili kufutwa na programu.

Kwa mapengo, kikaguzi cha topolojia kinachokuja na QGIS kinatosha.

Hatua ya 5: Kagua sifa za jedwali

Tafuta thamani tupu zilizojificha, kama vile -999, sifuri isiyo na maana, na maandishi yenye nafasi pekee. Tafuta pia neno moja lililoandikwa kwa namna tofauti, mfano "Makazi", "makazi" na "makazi " yenye nafasi mwishoni, ambayo kompyuta huyahesabu kuwa matumizi matatu ya ardhi.

Hatua ya 6: Hamishia kanuni mlangoni

Kila kosa ulilolipata mara ya pili ligeuze kuwa kizuizi cha hifadhidata. CHECK (ST_IsValid(geom)) hukataa poligoni mbovu wakati wa kuhifadhi, na orodha rasmi ya matumizi ya ardhi ikiwekwa katika jedwali lake, lile tatizo la "makazi" litakwisha. Katika fomu za QGIS unaweza kuweka masharti yanayoonya tu au yanayozuia kabisa. Nashauri onyo kwa timu iliyo uwandani, kwa kuwa mtu aliyezuiwa kuhifadhi huandika chochote ili aendelee na kazi.

Hatua ya 7: Andika makosa kwenye jedwali

Matokeo ya kila ukaguzi yahifadhiwe: tarehe, kitambulisho, kanuni iliyovunjwa, sababu, nukta ya kosa na hali yake. ST_IsValidDetail hutoa sababu pamoja na nukta, hivyo makosa yanaweza kufunguliwa kama tabaka la ramani na mrekebishaji akayafikia moja kwa moja. Ongeza hali ya "limekubaliwa" pamoja na jina la aliyeamua na sababu yake, ili mpishano halali usijadiliwe upya kila mwezi.

Hatua ya 8: Ukague ukaguzi wenyewe

Tengeneza tabaka dogo lenye makosa unayoyajua: ile poligoni inayojikata, kiwanja kilichorudiwa, kiwanja kilicho ndani ya kingine, nukta zenye majiranukta yaliyogeuzwa, na "makazi " yenye nafasi. Endesha kanuni zako zote juu yake kila unapobadilisha swali lolote au unapopandisha toleo la programu. Kosa moja likikosekana kwenye matokeo, simamisha ukaguzi wa data halisi hadi ujue ni kanuni ipi imeacha kufanya kazi.