Somo: Kuvaa maikrospaiki kutoka Gilman's Point hadi Uhuru

Machi hadi Mei, na tena Novemba na Desemba, njia ya ukingo wa kreta ya Mlima Kilimanjaro kati ya Gilman's Point (mita 5,685) na kilele cha Uhuru (mita 5,895) mara nyingi huwa na theluji. Mchana jua la ikweta huyeyusha ya juu, usiku maji yale huganda. Saa kumi na moja alfajiri unakanyaga kama kigae kilichomwagiwa mafuta, na buti peke yake, hata la bei ghali, halishiki.

Maikrospaiki ni mpira unaovutwa juu ya buti, cheni zinazopita chini ya soli, na meno ya chuma ya sentimita moja hivi. Kramponi zenye meno kumi au kumi na mbili ni za barafu ya mwinuko mkali, tena zinataka soli ngumu. Kwenye buti laini huchomoka. Kwa njia ya Marangu au Rongai ni mzigo wa bure.

1. Jaribu mapema, ukiwa kambi ya Kibo Hut, na glavu zile zile za usiku. Ukishindwa kuvaa ukiwa na glavu, huko juu utazivua, na vidole vitakufa ganzi kabla hujafika mguu wa pili.

2. Ingiza ncha ya buti kwanza, kisha vuta mpira wa nyuma mpaka upande juu ya kisigino. Geuza mguu utazame chini: cheni zimekaza, meno yako katikati ya soli. Pea ikiwa kubwa, meno huhamia ubavuni, nawe utateleza huku umevaa.

3. Usivae tangu kambini. Kokoto za pango la Hans Meyer na miamba ya Jamaica Rocks, njiani kwenda Gilman's, hufanya meno kuwa butu na hupinda kifundo cha mguu. Vaa penye tambarare ya mwisho kabla ya barafu. Ukishaikanyaga barafu umechelewa: utasimama mguu mmoja gizani, upepo unakusukuma.

4. Kanyaga kwa wayo mzima. Wengi hukanyaga kwa ukingo wa buti kwa mazoea, na nusu ya meno hubaki hewani. Miguu iachane kidogo, la sivyo jino litanasa geita (kitambaa kinachofunika buti na muundi) ya mguu wa pili.

5. Wakati wa kushuka jua limetoka na theluji imelowa. Inajikusanya chini ya soli ikawa donge, meno hayagusi tena chini. Gonga ubavu wa buti kwa fimbo kila hatua chache. Ukifika kwenye kokoto, vua.

Ukirudi nyumbani osha, kausha kivulini, paka chuma mafuta kidogo. Usianike karibu na jiko, mpira utakakamaa.

MASWALI

Mwalimu, buti langu ni namba 43. Nichukue pea ya 43?
Pima kwa nje ya buti, kaka. Buti nene la baridi huenda likataka saizi moja zaidi. Nenda nalo dukani ulivalishe.

Mpira umeanza kupasuka pale cheni inapoingia. Nikaze kwa waya?
Hapana, waya utaukata zaidi. Ufa ukianzia kwenye tundu la cheni, pea hiyo imekwisha. Pete ya cheni ikifunguka, hiyo unaweza kuishika kwa vibano vya plastiki vya kufungia nyaya mpaka ushuke, beba vinne.

Mgeni akichoka, ateleze kwa makalio kushuka kutoka Gilman's?
Akiwa na meno miguuni, dada, usimruhusu kabisa. Jino moja likinasa wakati mwili unakwenda, mguu unavunjika. Bila meno pia ni hatari, kwa kuwa chini ya theluji kuna miamba. Mshike mkono, mshuke taratibu.