Kuongeza theluji kwenye picha ya ndege bila kuumbuka

Theluji ya kubandika hujulikana kwa sababu moja kubwa: haikupita kwenye lenzi ile ile, kasi ile ile ya shata (kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) na mwanga ule ule uliompiga ndege. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kuifanya ifanane na picha iliyopo. Mfano wetu ni kardinali mwekundu dume, ndege wa mashariki mwa Marekani asiyehama majira ya baridi, akiwa ametua tawini. Programu ya kuhariri picha ni GIMP, kwa kuwa ni ya bure. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kabla ya kufungua programu, jiulize kama ndege huyo huonekana kwenye theluji kweli. Mbayuwayu wa Ulaya, theluji ikishika kwao, huwa yuko Afrika, wengine wakiruka juu ya mashamba ya Kenya na Tanzania. Ukimwekea theluji, mpenzi yeyote wa ndege atacheka. Mtego mwingine ni chiriku wa dhahabu wa Marekani. Dume lake hung'aa kwa manjano kiangazi, lakini baridi ikiingia manyoya hufifia kuwa ya kahawia na zeituni. Dume la manjano kali katikati ya theluji nzito ni kosa la kalenda. Kardinali hana shida hiyo, maana wekundu wake hudumu mwaka mzima.

Halafu tazama mwanga. Theluji huanguka mawingu yakiwa yamefunga, kwa hiyo vivuli huwa laini. Picha yenye kivuli kikali chini ya mdomo na nukta ya jua ndani ya jicho haitaokolewa na kitu, tafuta nyingine. Mandhari ya nyuma yawe ya giza kiasi, kama misonobari au kichaka. Mbele ya anga jeupe chembe nyeupe hazionekani, na kwa kweli theluji halisi ikiwa mbele ya anga angavu huonekana ya kijivu.

Sasa vipimo. Kardinali ana urefu wa sentimita 22 hivi. Akichukua pikseli 2,200 kutoka mdomo hadi mkia, sentimita moja ni pikseli 100. Donge la theluji la milimita 2 hadi 5 likiwa karibu naye linapaswa kuwa na upana wa pikseli 20 hadi 50. Theluji hushuka takriban mita moja kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde itasogea milimita moja, yaani pikseli 10, na itaonekana kama nukta. Kwa 1/500 ni pikseli 20. Kwa 1/60 ni pikseli 170 hivi, nao huo ni mstari mrefu. Soma kasi ya shata kwenye taarifa za faili, usikisie. Michirizi mirefu pembeni ya ndege aliyegandishwa na 1/1000 ndiyo inayoharibu picha nyingi za namna hii.

Fungua picha, tuseme ni ya pikseli 6000 kwa 4000. Ongeza tabaka jipya la 1500 kwa 1000, yaani robo ya kila upande, ulijaze rangi nyeusi. Nenda Filters > Noise > RGB Noise, ondoa alama kwenye Independent RGB ili chenga ziwe za kijivu badala ya rangi rangi, kisha pandisha thamani hadi 0.60 hivi. Fuata na Filters > Blur > Gaussian Blur, pikseli 1.5 hadi 2. Tabaka litaonekana kama kijivu kilichochafuka; usitishike. Fungua Colors > Levels, sukuma pembetatu nyeusi kulia mpaka zibaki nukta chache zilizotawanyika, kisha vuta ile nyeupe kushoto mpaka mwangaza wa kiini cha kila nukta ukaribie 240 (0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe kamili). Mwisho likuze kwa Layer > Scale Layer hadi 6000 kwa 4000, na ubadilishe Mode iwe Screen. Weusi wote utatoweka, zibaki chembe tu.

Kwa nini tunaanza na tabaka dogo? Kwa sababu chenga za ukubwa kamili hutoa vumbi la pikseli tano sita, linalofanana na unga uliomwagika. Brashi za nyota zenye ncha sita nazo ziache. Umbo hilo huonekana kwa lenzi ya kukuza vitu vidogo. Kwa lenzi ya ndege, theluji ni madonge yasiyo na umbo.

Mwendo unaongezwa kwa Filters > Blur > Linear Motion Blur. Length iwe ile hesabu ya juu, Angle kati ya 70 na 80 kukiwa na upepo mdogo. Chembe zitafifia baada ya hapo, kwani mwanga wake umetandazwa. Rudi Levels uzing'arishe tena. Ukisahau hatua hii, chembe zitakazopita mbele ya kifua chekundu zitageuka waridi.

Tabaka moja halitoshi. La nyuma ya ndege liwe na chembe nyingi, ndogo, zilizotiwa ukungu wa Gaussian wa pikseli 8 hadi 15, Opacity (kiwango cha tabaka kuonekana) asilimia 50. Lipe barakoa nyeupe kwa Add Layer Mask, kisha paka nyeusi juu ya ndege na tawi, maana palipopakwa nyeusi tabaka hufichika. Usihangaike kufuata kila unyoya wa kishungi: chembe zimetengana, hivyo inatosha kufuta zile tu zinazogusa mwili. La katikati ni lile kali, lililo kwenye fokasi. Liache lipite mbele ya ndege mahali pachache, lakini jicho na mdomo vibaki safi. La mbele lichore kwa mkono: madoa laini 8 hadi 15, makubwa, Opacity asilimia 15 hadi 25, maana theluji iliyo karibu sana na lenzi huvimba na kuwa hafifu. Kila tabaka litengeneze upya. Ukinakili lile lile, jicho hugundua mpangilio unaojirudia upesi kuliko unavyodhani.

Theluji ya tawini ni kazi ya brashi, kwenye tabaka la kawaida, Hardness 75. Tumia rangi ya RGB (nyekundu, kijani, samawati) 235, 240, 245, wala si nyeupe kamili, halafu upande wa chini weka 185, 200, 220 kwa kivuli. Ikae juu ya tawi tu, unene wa pikseli 100 hadi 150, na uache pengo kuzunguka miguu, kwa kuwa ndege hukanyaga akaibomoa. Chembe mbili tatu mgongoni zinakubalika: manyoya huzuia joto la mwili lisitoke, ndiyo maana theluji hukaa juu yake bila kuyeyuka.

Funga kazi kwa tabaka la kijivu chenye samawati, Opacity asilimia 10, juu ya mandhari ya nyuma pekee, na upunguze ukolezo wa rangi za kijani. Hifadhi faili la XCF, aina ya GIMP inayotunza matabaka, kisha toa JPEG ya ubora wa 90. Kwa matumizi ya mtandaoni punguza kwanza hadi pikseli 2000 ndipo utazame: chembe za nyuma mara nyingi humezwa, na dawa yake ni kupandisha Opacity ya tabaka hilo hadi 65.

Kwenye maelezo ya picha andika kwamba theluji imeongezwa. Kwa kadi na mabango hakuna tatizo, ila usiipeleke kwenye shindano la picha za wanyamapori. Lile la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na Natural History Museum ya London, haliruhusu kuongeza wala kuondoa vitu, na huomba faili ghafi ya kamera kwa uhakiki.