Kunguni wa Kahawa Mbozi: Mnyonyaji au Mwindaji?

Ukiona kunguni kwenye kahawa, usikimbilie bomba la dawa kabla hujamtazama mdomo. Antestia, kunguni mharibifu wa kahawa, hunyonya mti. Kunguni mwindaji hunyonya wadudu wenzake, na kumuua ni kumfukuza mlinzi wa shamba.

Ingia shambani alfajiri, baridi ya Mbozi ikiwa bado imewafanya wazito. Chagua miti 10 iliyotawanyika, tandaza shuka jeupe chini ya kila mmoja, kisha tikisa matawi kwa nguvu. Wanaong'ang'ania huangushwa kwa dawa ya pareto, zao la nyanda hizihizi za juu kusini mwa Tanzania, lakini pareto haibagui: ipulize kwenye miti ya kuhesabia tu.

Usimshike kwa vidole. Mwindaji huchoma, na huuma kwelikweli. Mwingize kwa kijiti kwenye mfuko wa plastiki angavu, uubane taratibu, umgeuze tumbo juu. Mdomo wa antestia ni mwembamba na mrefu, una pingili 4, umelala bapa katikati ya miguu. Wa mwindaji ni mnene, mfupi, umepinda kama ndoano chini ya kichwa. Lenzi ndogo ya mkononi inatosha.

Wengi hukosea kwa kuangalia umbo. Ni kweli antestia ana umbo la ngao, urefu wa milimita 6 hadi 8, na madoa ya chungwa na meupe juu ya weusi, ilhali mwindaji wa kawaida ana kichwa chembamba chenye shingo. Lakini wako kunguni wa umbo la ngao wanaowinda, na mdomo wao pia ni mnene. Tunutu, yaani kunguni wachanga, nao hawana mabawa wala rangi kamili; hapo pia amini mdomo.

Antestia hutoboa vichipukizi, maua machanga na matunda mabichi. Matunda huwa meusi na kupukutika. Yanayobaki huweza kuoza punje, maana ukungu hupenya kwenye tundu alilotoboa.

Jumlisha antestia wote, gawanya kwa 10. Wastani ukifika 1 hadi 2 kwa mti, chukua hatua, ukianza na mkasi: anapenda mti uliosongamana, hivyo toa machipukizi ya ziada na ufungue katikati mwanga uingie. Baada ya kupogoa, rudia hesabu kabla ya kununua dawa ya shamba zima.