Kumchagulia mtu anime na manga: anza na kipande kilichomkaa

Wanaopita kwenye kibanda changu hapa Katuba, Lubumbashi, wa kuchaji simu na wa kuazima manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) au anime (katuni za Kijapani za kutazama), karibu wote huuliza hivi: "Yaya, unipatie ingine sawa hii." "Hii" yenyewe huwa ni Naruto, au Death Note, au L'Attaque des Titans. Njia ya haraka ni kujibu kwa aina: umependa ya ninja, nakupa nyingine ya ninja, umependa ya mpira, nakupa ya mpira. Basi mtu anaondoka na juzuu tatu na kuzirudisha zote hajamaliza hata moja. Mimi siulizi aina. Ninamwambia avute kiti, aache simu ichaji, kisha anisimulie kipande kimoja kilichomkaa.

Akianza kusimulia, usimkatize. Sikiliza anapotulia, anapoanza kutumia mikono, anapomtaja mtu mmoja mara kwa mara. Watu wawili wanaokwambia wanapenda Naruto huenda wanapenda vitu viwili visivyohusiana kabisa. Mmoja atakusimulia yule mtoto anayekaa peke yake kwenye bembea, wenzake wanapongezwa na wazazi wao, yeye hana wa kumpongeza. Mwingine atarukia pambano la Rock Lee na Gaara, pale Lee anapovua vyuma alivyofunga miguuni, vikianguka ardhi inapasuka na vumbi linatanda. Wa kwanza ameshikwa na upweke na hamu ya kukubaliwa. Huyo mpe Natsume Yujincho ya Yuki Midorikawa, yatima aliyezungushwa nyumba za ndugu, anayeona mizimu ambayo wengine hawaioni. Au mpe March Comes in Like a Lion ya Chica Umino: kijana anayelipwa kucheza shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji, anaishi peke yake, mpaka dada watatu wa mtaa wa jirani wanaanza kumkalisha mezani na kumlisha. Hakuna ninja hata mmoja humo. Wa pili anataka kumwona mtu asiye na kipaji akipanda kwa jasho, na Haikyuu ya Haruichi Furudate itamfaa kuliko hadithi nyingi za mapigano, ingawa ni ya voliboli.

Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta jambo moja linalofanana, na kuliamini hata kama mengine yote yako mbali. Unapompa, mwambie kwa sentensi moja kwa nini umemchagulia ile. Asipoisikia sababu, ataona picha ya jalada tu na kudhani hukumsikiliza.

Kuna kijana mchimbaji anayefanya kazi upande wa Kolwezi. Akija mjini hupita kwangu, na alikuwa amemaliza Death Note. Nilitarajia anisimulie lile daftari ambalo ukiandika jina la mtu, anakufa. Yeye alisimulia jinsi Light, mwenye daftari, na L, mpelelezi anayemsaka, wanavyokaa uso kwa uso wakiongea kwa upole, kila mmoja anajua kwamba neno moja baya litammaliza. Mtu wa namna hiyo wengi humpa Code Geass, anime nyingine ya kushindana kwa akili, na si vibaya. Lakini mimi nilimfikiria yeye na maisha yake, nikampa Kaiji ya Nobuyuki Fukumoto. Kaiji alimdhamini mwenzake kwenye mkopo, mwenzake akatoweka, deni likamwangukia yeye. Anime ya kwanza ni ya 2007, ya pili ni ya 2011, kila moja ina episodi 26, na ile ya pili ndiyo niliyotaka aifikie. Humo Kaiji anapelekwa kuchimba chini ya ardhi ili alipe deni, analipwa kwa pesa ambayo haina thamani popote isipokuwa mle shimoni.

Kuna kipande cha bia nisichochoka kukitazama. Kaiji amepania kuweka akiba anunue ruhusa ya kutoka nje siku moja. Mkubwa wao wa kazi, Ohtsuki, anamjia kwa tabasamu na kumpa kopo moja la bia baridi, la bure. Kaiji analishika kwa mikono miwili. Anakunywa, machozi yanamtoka. Halafu ananunua la pili kwa pesa yake. Halafu kitu cha kutafuna nalo. Akiba inaanza kuliwa usiku uleule, na aliyeuza bia ndiye yuleyule anayekopesha mishahara ya mbele na kuendesha kamari ya dadu. Mchimbaji wangu aliporudi, hakusema kama imempendeza au la. Alisema, "Ule mukubwa wa kazi minamujua," akaomba inayofuata.

Angalia lakini: kabla ya kumpa nilimwonya kuhusu michoro. Watu wa Fukumoto wana pua ndefu zilizochongoka na taya kama zimekatwa kwa shoka. Mtu aliyetoka kwenye Death Note, ambako mkono wa mchoraji wake, Takeshi Obata, umechora kila unywele, anaweza kuifunga ndani ya dakika tano. Nilimwambia avumilie mpaka mchezo wa kadi ndani ya meli uanze, ndipo aamue. Maudhui huweza kumvuta mtu, mtindo ukamfukuza, na usipomwandaa utadhani maudhui ndiyo yaliyoshindwa.

Mtindo kwangu ni zaidi ya uchoraji. Ni mwendo, ni ukimya, ni kama hadithi inapiga kelele au inanong'ona. Hapa mfano wangu mkubwa ni Le Tombeau des lucioles, filamu ya Isao Takahata ya 1988, kaka na dada yake mdogo wakati wa mabomu ya moto huko Kobe, Japani, katika Vita vya Pili vya Dunia. Wanaoimaliza huja wamenyamaza. Wakianza kuongea, wengine wana hasira: kwa nini watoto waliachwa, nani alianzisha vita hivi? Wengine wanazungumzia mambo madogo, kopo la peremende, vimulimuli ndani ya chandarua. Vita ni ileile, lakini huwapi kitu kimoja.

Wenye hasira nawapa Gen d'Hiroshima, juzuu kumi. Keiji Nakazawa aliianza 1973, naye hakubuni: alikuwa na miaka sita tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, ukuta wa shule ndio uliomkinga, na baba yake, dada yake na mdogo wake wakafa. Watoto wake wana nyuso za mviringo, wanapigana, wanaimba, wanapiga kelele, na ukurasa unaofuata unakuonyesha kitu ambacho hutakisahau. Kazi hiyo huwa siwapi watu wa Katanga bila kuwakumbusha kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu lile ilichimbwa kwenye mgodi wa Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyezaliwa Likasi alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo darasani. Alisoma juzuu ya kwanza amesimama palepale kibandani.

Wale wa mambo madogo nawapa Dans un recoin de ce monde ya Fumiyo Kouno, au filamu yake ya 2016 iliyoongozwa na Sunao Katabuchi. Suzu ni msichana anayependa kuchora, ameolewa Kure, mji wa bandari ya kijeshi karibu na Hiroshima. Mgao wa chakula unapungua, naye anatoka kuchuma majani ya porini, anayakatakata, anayapika pamoja na mchele kidogo ili sufuria ionekane imejaa. Mistari ni laini kana kwamba Suzu mwenyewe ndiye anayechora. Mama zetu wanaokumbuka miaka ya njaa hukaa na filamu hii vizuri kuliko vijana.

Kuhusu mpira sitakaa sana, maana hapa Lubumbashi kila mtu ana maoni. Waliokua na Olive et Tom, yaani Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi, hutaka ileile ladha. Uliza kwanza yuko upande gani wa uwanja. Kijana anayejiona mshambuliaji na anataka bao liwe lake peke yake, mpe Blue Lock. Mtoto aliye kwenye chuo cha mpira, ambaye mama yake anajinyima ili apate nauli, mpe Ao Ashi ya Yugo Kobayashi: Ashito anatoka Ehime kwenda timu ya vijana ya Tokyo, anajiona mshambuliaji, kocha anamrudisha kucheza beki wa pembeni. Barua anayoandikiwa na mama yake mwache aisome mwenyewe. Na yule baba shabiki wa TP Mazembe, klabu yetu ya hapa, anayekusimulia hadi leo jinsi walivyoifunga Internacional ya Brazili 2010, mpe Giant Killing. Hiyo ni ya kocha wa timu dhaifu anayepanga namna ya kuziangusha kubwa, na watu wazima wanaoona anime ni ya watoto huingia kwa mlango huo.

Mtu akikwambia anapenda kila kitu ndani ya kazi fulani, hawezi kuchagua kipande, fuata mkono uliochora. Aliyependa Fullmetal Alchemist yote mpe Silver Spoon ya mchoraji yuleyule, Hiromu Arakawa. Hakuna uchawi, ni shule ya kilimo Hokkaido, na Arakawa alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa hukohuko. Lakini swali halijabadilika: uhai unalipiwa na nini? Hachiken, mwanafunzi wa shule hiyo, anampa jina kitoto cha nguruwe dhaifu huku akijua kitachinjwa. Msichana ambaye kwao wanafuga mbuzi uani alikataa kuniambia aliwaza nini alipofika hapo, ila alirudi kutafuta juzuu zilizobaki. Jina la studio halisaidii sana katika kazi hii. Vinland Saga, hadithi ya Waviking, ilihama kutoka studio ya Wit kwenda MAPPA, na mwongozaji, Shuhei Yabuta, akabaki, ndiyo maana roho yake haikupotea. Kinachobadilika pale ni hadithi yenyewe: msimu wa pili, wa 2023, ni shamba, watumwa na kung'oa visiki. Aliyekuja kwa ajili ya panga umwambie mapema.

Muulize pia nani mwingine nyumbani atatazama. Made in Abyss ina watoto wa kupendeza wenye mashavu ya duara, wanashuka kwenye shimo kubwa ajabu, na mateso yaliyomo hayamfai mtoto. Usimwachie mtu adanganywe na jalada.

Halafu kuna mambo ya maisha ya hapa. Mtu ambaye kwake umeme unakuja usiku wa manane usimwanzishie One Piece yenye episodi zaidi ya elfu. Mpe kitu kinachokamilika, kama Mushishi, ambayo kila episodi ni kisa kinachojitegemea. Asiyesoma Kifaransa haraka mtafutie iliyotiwa sauti, kwa maana maandishi ya chini yatamkimbia. Anayetazama kwenye simu ndogo mchana wa jua hataona chochote kwenye kazi zenye giza, huyo mpe manga ya karatasi. Na kama ni mara yake ya kwanza kushika manga, ifungue mbele yake, weka kidole kwenye kisanduku cha juu kulia, sogea kushoto, shuka, mpaka mwisho wa ukurasa. Afuate kidole chako kurasa mbili, kisha mwachie.

Akirudi, usimuulize kama ilikuwa nzuri. Muulize amefika wapi na ni nani aliyemchosha. Aliyeachia juzuu ya pili kwa sababu ya michoro, mtafutie anime ya hadithi ileile. Aliyeachia kwa sababu ya mtu fulani mkatili ndani yake, anza upya na umwambie akusimulie kipande kingine.